Kei Ngapi kwa Volti 24? Rezista ya optokapla na umeme wa Tunduma

Lori linaposimama kwenye foleni ya Tunduma likisubiri kuvuka kwenda Nakonde, ndani yake mna mifumo miwili ya umeme isiyopatana. Wa kwanza ni wa lori lenyewe: betri mbili zilizofungwa kwa mfuatano kupata volti 24, stata, taa, honi, na waya zinazokwenda mpaka nyuma kwenye tela. Wa pili ni wa kifaa kidogo kilichofichwa nyuma ya dashibodi, kinachotoa taarifa ya mahali lori lilipo kwa mwenye mali. Kichipu cha kifaa hicho kinatumia volti 3.3, na ukikigusisha volti 24 umekiua. Hata hivyo kinatakiwa kijue mambo ya upande wa pili. Je, ufunguo umezungushwa? Mlango wa tela uko wazi?

Kinachopeleka habari kati ya pande hizo mbili ni optokapla. Kwa sura ni kipande cheusi chenye miguu minne, kidogo kuliko punje ya mahindi. Ndani yake mna LED inayotoa mwanga tusiouona kwa macho, na mkabala na LED hiyo kuna transista inayofunguka ikimulikwa. Umeme wa upande mmoja hauvuki kwenda wa pili. Kinachovuka ni mwanga tu. Aina iliyoenea kuliko zote ni PC817, na fundi asiye na mpya huing'oa kwenye bodi ya chaja iliyokufa.

LED hiyo haina uwezo wa kujizuia. Ukiipa volti 24 moja kwa moja itapitisha umeme mpaka iungue, kwa hiyo hutanguliwa na rezista ya kupunguza mkondo. Swali la omu ngapi linaonekana dogo, na pengine ndiyo sababu hujibiwa haraka mno.

Jibu la haraka linatoka kwenye hesabu ya shuleni. Chukua volti ya chanzo, toa ile inayobaki kwenye LED, gawanya kwa mkondo unaoutaka. LED ya PC817 hubakiza takribani volti 1.2. Mtu akiamua kuwa anataka miliampia 10, atapata 22.8 gawanya kwa 0.010, yaani omu 2,280. Rezista iliyo karibu zaidi dukani ni ya omu 2,200, ambayo mafundi huiandika 2.2k: michirizi mitatu myekundu na mmoja wa dhahabu. Ataifunga na LED itawaka.

Hesabu haina kosa, lakini kwa lori rezista hiyo ni chaguo baya. Namba mbili kati ya tatu zilizoingia kwenye hesabu hazikupimwa popote. Volti 24 ilisomwa kwenye kibandiko. Miliampia 10 imechukuliwa kwa mazoea. Ninavyoona mimi, rezista ya optokapla huchaguliwa kwa kuanzia upande wa pili, kule kwenye transista, kisha mtu anarudi nyuma hadi kwenye volti mbaya mbili za chanzo, ya chini kabisa na ya juu kabisa. Volti ya kibandiko haihitajiki hata mara moja.

Tuanze na chanzo. Volti 24 ni jina tu. Betri zilizojaa na kutulia huonyesha kidogo zaidi ya 25. Injini ikiwaka, alteneta huzipandisha hadi karibu 28, na hapo ndipo lori linapokaa kwa safari yote ya zaidi ya kilomita 900 kutoka Dar es Salaam hadi mpakani, na baada ya hapo kuelekea Lusaka au Lubumbashi. Kwa volti 28, ile 2.2k inapitisha miliampia 12 na kutoa joto la wati 0.33. Rezista ndogo za kawaida zimetengenezwa kuhimili robo wati. Haitaungua siku hiyo wala kesho yake. Itageuza bodi kuwa ya kahawia, omu zake zitaanza kuhama, risasi ya lehemu kwenye miguu yake itachoka, na miezi kadhaa baadaye kifaa kitaanza kusema ufunguo umezimwa huku lori likiwa mwendoni. Anayelaumiwa hapo ni kifaa, au mtandao wa simu, au dereva.

Upande wa chini, angalia asubuhi ya Juni au Julai, Tunduma ikiwa na baridi yake ya nyanda za juu na betri zikiwa zimezeeka. Stata inapovuta, volti 24 inaweza kuanguka hadi 16, na pengine chini ya hapo kwa kitambo. Kifaa kikitakiwa kisipoteze taarifa ya ufunguo wakati huo, rezista lazima ipitishe mkondo wa kutosha hata kwa volti hizo 16.

Kuna jambo la tatu, nalo halionekani kwenye multimita kwa sababu linapita kabla namba haijabadilika. Waya wa betri ukilegea wakati alteneta inachaji kwa nguvu, volti ya mfumo wa 24 inaweza kuruka kupita 100 kwa sehemu ya sekunde. Koili ya rilei au ya vali inapozimwa, hurusha mamia ya volti kinyume kwa muda mfupi zaidi. LED ya PC817 imepimwa kuvumilia volti 6 tu za kinyume. Kwa hiyo kabla hatujamaliza habari ya omu, dayodi ndogo kama 1N4148 ifungwe sambamba na LED, ikiangalia upande wa pili, ili umeme wa kinyume upite humo. Saketi nyingi za bei ya chini hazina dayodi hiyo, na ni kifo cha mapema kisicho na sababu, maana ni kitu kidogo kisichoongeza gharama ya maana.

Volti ya LED yenyewe haina mjadala mrefu. Kwenye karatasi ya mtengenezaji ni 1.2 kwa kawaida na 1.4 kwa juu kabisa, na hushuka kidogo joto likipanda. Chanzo kikiwa cha volti 24 au 230, tofauti hiyo haibadilishi rezista utakayoinunua. Inaanza kuuma chanzo kikiwa kidogo. Wanaotumia bodi za rilei za buluu zinazouzwa kila mahali wamekwisha kukutana nayo: nyingi ya bodi hizo zina rezista ya 1k, LED ya optokapla na taa ya kuonyesha, zote kwenye mstari mmoja. Ukiipa volti 5, baada ya LED mbili kuchukua sehemu yao zinabaki kama volti 2, sawa na miliampia 2. Ukiipa 3.3, kinachobaki ni theluthi ya volti au pungufu. Rilei haishiki, au inashika leo na kesho inagoma.

Sasa mkondo, ambao ndio kiini cha suala zima. PC817 haisemi itatoa mkondo kiasi gani upande wa pili; inasema uwiano. Ukiingiza miliampia 5 kwenye LED, transista itapitisha kati ya asilimia 50 na asilimia 600 ya hizo. Ni tofauti ya mara 12 kati ya vipande viwili vyenye jina lilelile. Herufi inayofuata jina hupunguza utata: A ni asilimia 80 hadi 160, B ni 130 hadi 260, C ni 200 hadi 400, D ni 300 hadi 600. Kisichokuwa na herufi, au kilichong'olewa kwenye chaja mpaka herufi zimefutika, kihesabiwe kuwa ni cha asilimia 50.

Hata asilimia hizo ni za siku ya kwanza. LED huchoka kwa miaka, na huchoka upesi zaidi mkondo ukiwa mkubwa na mahali pakiwa pa moto. Ndiyo maana dawa ya "ongeza mkondo ili iwe na uhakika" ina sumu ndani yake: mkondo unaouongeza leo ndio unaoila LED ya kesho. Joto nalo hupunguza uwiano, na nyuma ya dashibodi ya lori lililoegeshwa juani si mahali pa baridi hata nyanda za juu. Kwenye mabonde ya mkoa wa Songwe, Kamsamba au Mkwajuni, hali ni ya moto zaidi. Tena uwiano hushuka mkondo wenyewe ukiwa mdogo. Kwa miliampia 1 unaweza kuwa karibu nusu ya ule wa miliampia 5.

Baada ya hayo yote ndipo tunauliza kichipu kinahitaji nini. Upande wa pili kuna rezista inayoushikilia waya kwenye volti 3.3, na kazi ya transista ni kuuvuta waya huo chini mpaka karibu na sifuri. Rezista hiyo ikiwa ya 10k, transista inahitaji kupitisha miliampia 0.31 tu. Turudi nyuma sasa. Tuweke 4.7k kwenye LED (njano, zambarau, nyekundu). Kwa volti 16 za asubuhi ya baridi inapita miliampia 3.1. Asilimia 50 ya hizo ni 1.55. Tuhesabu kana kwamba nusu imekwisha kuliwa na uzee, inabaki 0.78. Toa sehemu ya tano kwa ajili ya joto na sehemu kama hiyo kwa ajili ya udogo wa mkondo, inabaki karibu 0.5. Inahitajika 0.31. Bado iko salama, na hapo tumeidhania mabaya yote kwa wakati mmoja.

Kwa volti 28, 4.7k hiyohiyo inapitisha miliampia 5.7 na kutoa wati 0.15. Robo wati inabeba, ingawa mimi ningeweka nusu wati kwa sababu ya joto la mahali pale. Volti ikiruka hadi 200 kwa kitambo, mkondo unafika kama miliampia 42, wakati kikomo cha LED ni 50. Ni namba ya dukani inayokaa vizuri pande zote mbili. 3.3k inafaa pia, lakini inatoa wati 0.22, na mruko wa volti 200 unaivusha LED kikomo chake. 10k inatoa miliampia 1.5 asubuhi ya baridi, na baada ya makato yote haitoshi.

Badilisha kitu kimoja tu upande wa pili uone. Mtu mwingine, kwa sababu anasoma mapigo ya haraka, anaweka 1k mahali pa ile 10k. Transista sasa inatakiwa kupitisha miliampia 3.1, na 4.7k yetu nzuri haifiki hata nusu ya hapo. Hakuna kilichobadilika kwenye lori wala kwenye LED. Ndiyo maana mtu akikuuliza "volti 24 niweke kei ngapi?" huna jibu la kumpa mpaka na wewe umuulize upande wa pili una nini.

Omu kubwa mno zina tatizo jingine ambalo halitajwi sana. Waya mrefu unaopita pamoja na waya zenye umeme huokota kidogo, na swichi chafu huvujisha kidogo. Optokapla yenye uwiano wa asilimia 400 na rezista ya 10k upande wa pili inaweza kuitikia mkondo wa sehemu ya kumi ya miliampia. Mlango wa tela umefungwa, kifaa kinasema uko wazi, na mpakani taarifa ya namna hiyo inamgharimu mtu muda na maelezo. Tiba yake ni rezista ya pili, 1k, sambamba na LED. Mpaka volti 1.2 ipatikane juu yake, rezista hiyo inakunywa miliampia 1.2 za mwanzo, na LED haipati kitu. Ukiiweka, hesabu ya juu ifanywe upya, maana mkondo wa LED umepungua kwa kiasi hichohicho: hapo 3.3k ya nusu wati inapata nafasi yake, ingawa mruko wa volti 200 bado unavuka kikomo cha LED.

Jambo jingine lisemwe wazi. Kifaa kikichukua umeme wake kwenye betri ileile ya lori, na hasi yake ikafungwa kwenye bodi ya gari, optokapla haitenganishi chochote. Pande mbili zimekwisha kuunganishwa kwa mlango wa nyuma. Hapo rezista mbili za kugawa volti na dayodi ya zena zingetosha. Optokapla inastahili nafasi yake pale ambapo kifaa kina betri na hasi yake peke yake, au pale ambapo waya unatoka kwenye umeme wa TANESCO.

Huko kwenye umeme wa TANESCO ndiko Songwe inakokuwa na shughuli nzito. Mkoa huu, uliomegwa kutoka Mbeya mwaka 2016, una kahawa ya Mbozi inayomenywa na kukobolewa kwa mashine, una mashine za kusaga karibu kila kijiji chenye umeme, na huko Mkwajuni na Saza una wachimbaji wa dhahabu wenye karasha na pampu. Mota nyingi za kazi hizo ni za fezi tatu. Fezi moja ikikatika mota inanguruma, inapata moto, na mwenye mashine anaishia kwa fundi wa kusuka mota. Saketi ya optokapla tatu, moja kwa kila fezi, ikiizuia kontakta isishike fezi moja ikikosekana, ni nafuu isiyolinganishwa na gharama ya kusuka.

Volti 230 ina kilele cha 325. Watu wengi huweka rezista moja ya 100k ya robo wati. Inatoa joto la wati 0.53, mara mbili ya uwezo wake, na hilo wengi huliona mapema. Wasiloliona ni kwamba rezista ndogo ya aina hiyo kwa kawaida ina kikomo cha volti 250 bila kujali joto. Tumia mbili za 47k, za wati moja, kwa mfuatano. Kila moja inabeba nusu ya volti, na joto la wati 0.28. Kilele cha mkondo ni kama miliampia 3.5. Jioni kwenye mwisho wa laini ndefu ya kijijini, umeme ukishuka hadi 170, kilele kinabaki miliampia 2.5, na kwa 10k upande wa pili bado kinatosha.

Kwa nini wati moja wakati joto ni 0.28 tu? Kwa sababu ya nyutro. Nyutro ikikatika kwenye laini ya fezi tatu, nyumba au mashine yenye mzigo mdogo inaweza kujikuta ikipokea volti zinazokaribia 400. Kwa 400, kila rezista inatoa wati 0.85. Za wati moja zinapita salama na kifaa kinabaki hai kutoa taarifa. Za robo wati zinaungua, na zikiungua vibaya zinaacha njia nyeusi ya kaboni juu ya bodi.

Umeme wa mkondo geu unaleta mambo mawili zaidi. Dayodi ya kinyume niliyoitaja kwenye lori, hapa si ya hiari hata kidogo, kwani kinyume kinakuja mara 50 kila sekunde. Na kwa sababu LED inawaka na kuzima mara 50 hizo, kichipu kisitoe hukumu ya "umeme umekatika" kwa giza la milisekunde 10. Kisubiri 40 au 50. Anayetaka kuondoa joto kabisa anaweza kutumia kapasita ya daraja la X2 mahali pa rezista kubwa: nanofaradi 47 kwenye hetsi 50 hupitisha kama miliampia 3.4. Lakini iambatane na rezista ya 1k kwa mfuatano ya kuzuia mshtuko wa kuwasha, na nyingine ya 1M sambamba na kapasita ya kuimaliza chaji. Kwa mtambo wa kijijini ambako kapasita ya X2 halisi haipatikani, na watu wanaweka ya kawaida, naona rezista mbili za wati moja ni salama zaidi.

PC817 imepimwa kutenganisha volti 5,000 kati ya pande zake. Namba hiyo ni ya kipande chenyewe, bodi haimo. Miguu ya pande mbili imeachana kwa milimita 7.62, na ukipitisha njia ya shaba chini yake, au ukiacha mabaki ya lehemu na vumbi la pumba za kahawa vijaze nafasi hiyo, umeitupa kinga yote. Ukigeuza bodi ya chaja nzuri utaona mpasuko uliokatwa kwa makusudi chini ya optokapla. Fundi anayetengeneza bodi yake kwa mkono anaweza kuukata kwa msumeno wa chuma.

Kipande cha kung'oa kipimwe kabla hakijapewa kazi. Betri ya volti 9 na rezista ya 1.5k kwenye LED vinatoa kama miliampia 5.2. Upande wa pili, umeme wa volti 5 kutoka kwenye chaja ya simu upitie multimita iliyowekwa kwenye miliampia, uingie kwenye kolekta na kutokea kwenye emita. Gawanya ulichosoma kwa 5.2. Ukipata chini ya nusu, kitupe. Ukipata 1.5 au 2, umepata kipande ambacho hesabu zote za juu zitakilinda kwa nafasi kubwa.

Na mota ya fezi tatu ina tabia moja inayoshinda hesabu yoyote ya rezista. Fezi ikikatika wakati mota imesimama, optokapla itaona giza na itasema kweli. Ikikatika wakati mota inazunguka, mota yenyewe huzalisha volti kwenye waya uliokatika, mara nyingi karibu sawa na zile za kawaida, na LED inaendelea kuwaka huku koili zinaungua. Kwa mashine inayowashwa asubuhi na kuzimwa jioni, optokapla tatu zinafaa kuzuia kuwasha kwa fezi mbili tu. Ulinzi wa wakati wa kazi utoke kwenye kipimo cha mkondo cha kila waya, yaani rilei ya kinga inayofungwa chini ya kontakta, iliyowekwa sawasawa na ampia zilizoandikwa kwenye kibati cha mota.